Uso Nilioufuta Ukurasa wa Kumi na Sita

Mliniacha wiki jana nimepiga magoti na kifutio mkononi. Nikuteni hapo hapo, maana hata mimi sikuwa nimesogea.

Kwa aliyekosa gazeti, mimi ni Shirasawa Eikichi, mchoraji wa katuni, au tuseme mtu aliyekuwa akijiita mchoraji wa katuni. Nilitoka kwetu Akita, kaskazini kwenye theluji, nikiwa na miaka kumi na tisa, baba akifoka mlangoni kwamba nikiondoka nisirudi. Nami kwa kiburi changu nikaapa kwamba sitaandika barua nyumbani mpaka siku jina langu litakapochapishwa.

Miaka miwili ikapita. Jina halikuchapishwa, na barua sikuandika.

Tokyo nilipata chumba ghorofani katika nyumba ya wapangaji ya Asagiri, chumba kidogo cha kuenea mikeka minne na nusu tu. Korido yetu ilikuwa ya wachoraji wanne. Alikuwepo Kaka Minegishi, mkubwa wetu, mtu wa maneno machache. Alikuwepo Ebihara, mnene, mcheshi, mchoraji wa samurai ambao wote walikuwa na vitambi kama chake. Na alikuwepo Kuga Tamotsu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, nyota ya nyumba. Hadithi yake ya Sayo, msichana yatima, ilikuwa ikiwaliza wasichana nchi nzima kila mwezi.

Wa nne ni mimi, wa kurudishiwa kazi.

Nyumba ile ilikuwa na desturi. Mwenye kazi iliyochelewa alitundika taulo mlangoni, nasi tukaingia kumsaidia bila kuulizana. Huyu anajaza weusi, yule anachora mvua, mwingine anafuta penseli wino ukishakauka. Mwiko ulikuwa mmoja tu. Uso wa mhusika mkuu hauguswi na mtu ila mwenyewe. Ungeweza kumchorea mwenzako jiji zima na watu wake, lakini uso, hapana. Aliyewahi kuuvunja mwiko huo, kabla sijafika mimi, alifungashiwa virago siku hiyo hiyo.

Sasa siku ile ya mwezi wa kwanza, mwaka 1956, taulo lilikuwa mlangoni kwa Kuga na Kuga mwenyewe alikuwa anawaka homa. Asubuhi Minegishi na Ebihara walimbeba kwenda kwa daktari.

"Zote zina wino," Kuga aliniambia pale mlangoni, macho mekundu. "Wewe futa tu, Eikichi."

Nikafuta. Nikafika ukurasa wa kumi na sita, wa mwisho. Picha ya mwisho ni uso mkubwa wa Sayo akimuaga kaka yake stesheni. Nikapitisha kifutio, nikapuliza makombo.

Uso haupo!

Nywele zipo, kola ipo, mapazia ya dirisha la treni yapo. Katikati ni karatasi tupu. Kuga alikuwa na tabia ya kuuacha uso wa mwisho mpaka mwisho kabisa, na homa ilimsahaulisha kwamba ule bado ulikuwa wa penseli.

Kijasho chembamba kilinitoka, na ilikuwa baridi ya kugandisha wino.

"Shirasawa!" Sauti ilitoka chini. Ilikuwa ya Bwana Otsuji, mhariri wa gazeti la wasichana, ambaye alikuwa akisubiri tangu alfajiri kwa chai isiyo na kitu. "Mbona kimya huko juu?"

"Nafuta, bwana!"

"Unafuta au unasali? Kiwanda cha uchapaji kinafunga kupokea saa sita. Nakupa robo saa, napanda mwenyewe."

Jamani, mngefanya nini?

Nimwambie ukweli? Kuga alikwishachelewa mara mbili, na Otsuji aliapa mbele yetu sote kwamba mara ya tatu hadithi ya Sayo inakatwa. Nimsubiri Kuga? Kuga alikuwa kwa daktari akiongea peke yake. Na Kuga, nisiwafiche, ndiye mtu pekee katika nyumba ile aliyekuwa akigonga mlango wangu kuniuliza kama nimekula. Wale wengine walikuwa watu wazuri. Ila tangu kazi yangu irudishwe mara ya tano, walianza kuongea kwa sauti ya chini nikipita, kama watu walio karibu na mgonjwa.

Nikachukua kalamu ya Kuga. Nikachovya.

Nilitaka kumchora Sayo, nawaapia. Sayo nilikuwa namjua, macho makubwa, kidevu chembamba, machozi mawili mawili kila upande. Lakini aliyekuja si Sayo. Alikuja Fumi, mdogo wangu wa kike.

Siku niliyoondoka Akita, Fumi peke yake alinisindikiza stesheni. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Theluji ilikuwa inaanguka, na yeye anacheka, anacheka huku anauma mdomo wa chini ili asilie. Treni ilipotikisika chozi moja likamponyoka, moja tu, akalifuta haraka kama mtu aliyefumaniwa.

Mkono ulikwenda wenyewe. Nikachora mdomo ulioumwa. Nikachora chozi moja. Nikachora hata kile kijikovu kinachoikata nyusi yake ya kushoto, nikazinduka nimeshamaliza.

Mlango ukateleza. Otsuji.

Akazipokea kurasa, akazihesabu kwa kidole kilicholowa mate, akafika ya kumi na sita. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya katika vyumba vyetu, kwa vile alikuwa akiionea huruma suruali yake. Alikaa chini.

"Kuga amekua," akasema polepole. "Tazama hapa. Anacheka au analia?"

"Sijui, bwana."

"Na ndiyo uzuri wake!" Akaziweka kurasa ndani ya mkoba. Mkono ulipotoka, ulitoka na bahasha nyingine, nikaijua kabla hajanipa. Ilikuwa hadithi yangu ya sita.

"Nyumba zako nzuri, Bwana Shirasawa. Miti yako mizuri. Lakini nyuso zako hazina uhai kabisa." Akanigonga begani. "Umebahatika kukaa karibu na Kuga. Jifunze kwake."

Niliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Nikamshukuru. Alipokwishateremka nikabaki vile vile nimeinama, na sikujua nicheke au nifanye nini.

* * *

Kuga alirudi siku ya tatu, amekonda, shingo inacheza ndani ya kola.

"Ule uso wa mwisho," akaniuliza hata kabla hajavua koti. "Niliumaliza?"

Hapa ndipo nilipopaswa kusema. Neno lilikuwa mdomoni. Minegishi alikuwa anatandika godoro, Ebihara anapuliza mkaa, na mimi nikauona mlango wa nyumba ile ukifunguka na virago vyangu vikitangulia.

"Uliumaliza," nikasema.

"Sikumbuki kitu."

"Ulikuwa na homa, kaka."

"Mtu wa theluji anasema kweli," Ebihara akadakia. "Wewe njiani uliniita mama yako. Ukaomba uji."

Wakacheka. Nami nikacheka, jino pembe.

Gazeti likatoka mwezi wa pili. Wiki ya kwanza Otsuji alileta barua gunia zima. Wasichana wa Nagasaki, wasichana wa Hokkaido, wote uso ule, uso ule. Mmoja aliandika kwamba ameukata na kuubandika ndani ya sanduku lake la chakula cha shule. Kuga aliupata umaarufu ambao hakuwahi kuuota.

Nyumba yetu ilikuwa na utaratibu wa barua za wasomaji. Jumamosi mchana tulikusanyika chumbani kwa mwenye barua, zikasomwa kwa sauti, sote tukisikiliza. Na msomaji nilikuwa mimi. Minegishi alisema nina sauti nzuri. Ebihara alisema lafudhi yangu ya kaskazini ni burudani tosha. Kilichokuwa wazi, na ambacho hakuna aliyekitamka, ni kwamba mimi sikuwa na barua hata moja ya kusomewa.

Basi nikawa nazisoma, na kwetu mchoraji huitwa mwalimu. "Mwalimu Kuga, nilipouona uso wa Sayo sikulala." "Mwalimu Kuga, ulijuaje kwamba hivyo ndivyo dada yangu alivyonitazama?" Kila sifa ilikuwa yangu, na kila sifa niliisoma kwa mdomo wangu nikamkabidhi mtu mwingine. Mara ya kwanza maishani watu walikipenda kitu nilichokichora, nami sikuwa na wa kumwambia. Nilikuwa narudi chumbani, natelezesha mlango, nakaa katikati ya mikeka yangu minne na nusu na kutazama ukuta.

Upande wa pili wa ukuta huo mambo yalikuwa yanaharibika.

Otsuji alitaka uso ule ule uwe jalada. Jalada zima, kwa rangi, kwa toleo la masika. Kuga alikubali akichekelea. Wiki moja baadaye hakuwa anacheka. Nilikuwa nasikia kalamu yake ikikwaruza, inasimama, halafu karatasi inachanwa. Inakwaruza, inasimama, inachanwa. Mchana kutwa.

Akagonga mlango wangu. Wino umemfika mpaka kwenye kope.

"Umekula?" akaniuliza, kama kawaida yake.

"Nimekula. Na wewe?"

Akaketi, akaweka gazeti mbele yetu, ukurasa wa kumi na sita.

"Siuwezi," akasema. "Naunakili mstari kwa mstari, unatoka sanamu. Nyusi hii niliikata kwa nini? Sijui. Chozi moja, kwa nini moja? Mimi huchora manne. Eikichi, aliyeuchora uso huu ni bora kuliko mimi, na mtu huyo ni mimi, na simpati!"

"Utampata, kaka. Pumzika."

"Nisikilize. Siku ile, kabla sijabebwa, wewe ndiye uliyekuwa chumbani. Ulinishuhudia. Niambie nilifanyaje. Nilishikaje kalamu?"

Nilitazama chini. Ningeweza kusema, "Hukuishika." Neno moja hilo, basi. Nikafikiria atakavyonitazama. Nikafikiria jioni zitakazofuata bila mtu wa kuniuliza kama nimekula.

"Ulipiga magoti," nikasema. "Hukukaa, ulipiga magoti. Ulishika kalamu karibu kabisa na nibu. Ulianza na mdomo."

"Mdomo! Mimi huanza na macho."

"Siku ile ulianza na mdomo. Ukashusha pumzi, ukaishikilia. Ulikuwa... ulikuwa kama mtu anayemkumbuka mtu."

Kuga alinitazama kwa shukrani. Ile shukrani ndiyo iliyonimaliza.

"Ahsante, mdogo wangu," akasema. "Wewe ndiye ndugu yangu hapa."

Akaenda. Nikasikia akipiga magoti upande wa pili. Nikasikia pumzi ikishuka. Kalamu ikakwaruza kidogo, ikasimama.

Karatasi ikachanwa.

* * *

Ikafika Jumamosi, tarehe kumi ya mwezi wa tatu. Msiisahau tarehe hiyo.

Siku hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho ya jalada. Otsuji alituma mtu asubuhi na fungu la barua na ujumbe mfupi kwamba atafika mwenyewe saa kumi jioni. Akikuta uso, atachukua. Asipoukuta, jalada anampa mchoraji mwingine, na Sayo anafia toleo hilo hilo.

Saa nane mchana Kuga hakuwa na kitu. Sakafu ilikuwa imejaa mabunda ya karatasi. Alikuwa amekaa kitako, mikono imelala mapajani.

"Tusome barua," Minegishi akasema. "Zitampa moyo."

"Mtu wa theluji, panda jukwaani," Ebihara akasema, akinisukumia fungu. "Na usiimeze ile lafudhi. Tumelipia."

Nikasoma ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kuga hata hakuinua macho. Nikachukua ya nne, bahasha ya kahawia, imeshafunguliwa kama zote zinavyofunguliwa ofisini kwa Otsuji. Nikatoa karatasi. Kurasa tatu.

Mwandiko nikaujua. Mimi ndiye niliyemfundisha.

"Haya," Ebihara akasema. "Umekula ulimi?"

"Mwalimu Kuga," nikasoma. Sauti ilinitoka nyembamba. "Samahani kwa kukusumbua. Mimi si mtoto, nina miaka kumi na saba, na gazeti hili nimeliazima kwa binti wa mwenye duka la viungo vya miso."

Macho yangu yakatangulia mstari uliofuata. Niliuona, nikakwama.

"Endelea," Minegishi akasema.

Nikajikaza kisabuni. "Napenda... napenda sana hadithi yako, Mwalimu. Uso wa Sayo ni mzuri. Tafadhali utunze afya yako. Ni mimi, msomaji wako." Nikakunja karatasi haraka.

"Kurasa tatu," Kuga akasema. Hapo ndipo alipoinua macho. "Umesoma mistari mitano."

"Amerudia rudia, kaka. Ni mambo ya wasichana."

"Nipe."

"Kaka Kuga..."

"Eikichi, nipe barua yangu."

Ilikuwa yake kweli. Jina lake ndilo lililokuwa kwenye bahasha. Nikampa.

Akaisoma kwa sauti, kama desturi ilivyo. Mwanzoni haraka, kisha polepole.

"'Mwalimu, usinifikirie kichaa. Msichana yule ni mimi. Kovu la nyusi nililipata kwenye barafu nikiwa na miaka minane, kaka yangu akinivuta kwa kigari cha theluji. Kuuma mdomo ni tabia yangu. Na siku nilipocheka vile nikatokwa na chozi moja, stesheni tulikuwa watu wawili tu, mimi na kaka yangu. Hakuna mwingine duniani aliyeniona. Kwa hiyo najua kaka yangu yuko karibu na wewe. Jina lake ni Shirasawa Eikichi.'"

Ebihara aliacha kutafuna. Minegishi akafumba macho.

Kuga hakunitazama. Akageuza ukurasa.

"'Kama yuko, mwambie baba alifariki tarehe tatu ya mwezi wa pili. Kifua. Hakumtaja kaka hata siku moja tangu aondoke, nasi tulidhani amemfuta. Tulipoinua godoro lake tukakuta magazeti ya katuni, ishirini na tatu, moja la kila mwezi. Alikuwa akiyanunua mji wa pili ili asionekane. Baba hakujua kusoma vizuri. Kila ukurasa wenye majina ya wachoraji una doa la kidole, kuanzia jina la juu mpaka la chini. Alikuwa anatafuta jina la kaka.'"

Nilisikia sauti ikitoka kwangu. Haikuwa neno.

Miaka miwili nimejigamba kwamba sitaandika mpaka jina litoke. Na yeye kule, na kidole chake kinene cha kupasulia magogo, anashuka nacho jina moja moja, mwezi baada ya mwezi, hanioni, anafunga, anaficha chini ya godoro. Kadi moja tu ya posta ingetosha.

"'Gazeti lenye uso wangu lilifika hapa wiki moja baada ya mazishi,'" Kuga akaendelea, na sauti yake sasa ilikuwa chini sana. "'Jina la kaka halimo, lakini baba angeniona mimi, angejua. Mwalimu, sisubiri jibu, maana nikisubiri nitaogopa. Tarehe kumi nitashuka stesheni ya Ueno kwa treni ya asubuhi. Nitasimama chini ya saa kubwa na magazeti ya baba, ni ya kaka hayo. Nitamngoja mpaka saa kumi jioni. Zaidi ya hapo siwezi, mama nimemwacha peke yake. Asipokuja nitajua kwamba amekufa au hataki, na sitamsumbua tena.'"

Kuga akaikunja barua, akaiweka mkekani.

"Leo tarehe ngapi?" akauliza.

Sote tulijua.

Nikanyanyuka. Kutoka Asagiri mpaka Ueno ni dakika arobaini ukibahatika na treni. Nilitazama saa ya ukutani ya Kuga, tisa kamili. Fumi alikuwa pale chini ya saa tangu asubuhi, peke yake, mtoto asiyewahi kuvuka hata mji wa pili. Nikafika mlangoni.

Kuga alikuwa amefika kabla yangu. Mtu aliyekuwa hawezi kuinua mkono, sijui alinyanyuka vipi.

"Nani aliuchora?" akaniuliza.

"Kaka, nipishe. Nitakueleza nikirudi."

"Nani aliuchora, Eikichi?"

"Mimi."

"Sema tena."

"Mimi! Niliufuta wako kwa bahati mbaya, Otsuji alikuwa anapanda, wangeikata hadithi yako. Nikachora. Mimi."

Nilitegemea kofi. Hakunipiga. Akaanza kuyapanga, nami nilimwona akiyapanga, siku ile, na ile nyingine, mpaka akafika pale nilipokuwa sitaki afike.

"Kupiga magoti," akasema. "Kuanza na mdomo. Nilikuuliza kama ndugu, ukanisimulia wewe mwenyewe, ukanitazama nikienda kujiua na karatasi. Ulikuwa unanisikia kwa ukuta?"

"Nilikuwa nasikia."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Kuga," Minegishi akasema nyuma yetu, "dada yake yuko stesheni. Mwache aende. Ya nyumba tutayamaliza baadaye."

"Otsuji naye yuko njiani." Kuga hakusogea. Macho yake yalikuwa makavu kabisa. "Saa kumi anakuja, na anakuja kuchukua uso nisioweza kuuchora. Si wangu, ndiyo maana. Nilijidhani nimechakaa, kumbe si wangu." Akaokota karatasi safi, akailaza mezani. Akachovya kalamu, akanishikisha mkononi, akavifunga vidole vyangu juu yake kimoja kimoja. "Chora. Wewe uliuchora kwa robo saa, chora sasa. Unirudishie, ndipo uende ukamwone mwenyewe."

"Kaka Kuga, treni..."

"Basi fanya haraka."

Akarudi mlangoni, akaketi hapo, mgongo umeegemea fremu, miguu imenyooshwa. Ebihara, mtu wa utani, hakuwa na utani.

Nikapiga magoti. Nikashika karibu na nibu. Nikashusha pumzi, nikaishikilia, nikamwita Fumi aje, kama alivyokuja siku ile bila kuitwa. Mdomo kwanza.

Mdomo haukuja.

Nikafumba macho. Nikaitafuta stesheni, nikaitafuta theluji, nikaitafuta nyusi. Fumi hayupo. Nilichokiona ni kidole kinene chenye mpasuko wa baridi, kinashuka kwenye karatasi taratibu, jina la kwanza, jina la pili, jina la tatu.

Nilipofumbua macho tone la wino lilikuwa limedondoka katikati ya karatasi tupu, na saa ya ukutani ilikuwa tisa na dakika kumi na nane.